Kukimbia na mbwa salama: mwongozo kwa wakimbiaji wa Pwani

Mbwa hana namna ya kukuambia "tupumzike, nimechoka." Ukikimbia, naye anakimbia. Ukiongeza mwendo, anaongeza. Atakufuata mpaka aanguke, kwa sababu kwake kuachwa nyuma na mtu wake ni zito kuliko uchovu. Hilo liweke kichwani kabla hujanunua kamba wala viatu. Wa kusema "basi, inatosha" ni wewe, na ili uliseme mapema lazima ujifunze kumsoma mwenzako. Yote yanayofuata hapa yanatokana na hilo.

Mimi hukimbia na Mwewe, jike wa kienyeji mwenye rangi ya udongo, kwenye mitaa ya Mbezi Beach na ufukwe wa Kunduchi, Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa sita tuko njiani pamoja. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Mtwara atayakuta haya yanamfaa kama yalivyo. Wa Arusha, Mbeya au Nairobi ana nafuu ya hewa, lakini mengi yaliyobaki ni yale yale.

Hatua ya 1: Hakikisha mbwa wako ni wa kukimbia

Mbwa wetu wa kienyeji, yule wa manyoya mafupi, miguu mirefu na kiuno chembamba, ambaye watu humdharau na kumwita koko, ni mkimbiaji wa kuzaliwa. Kama unaye, una bahati. Jemani shepadi na rotwaila nao hukimbia vizuri, ila manyoya yao mazito na miili yao mikubwa haipendi joto letu, na nyonga zao huhitaji kuangaliwa na daktari kwanza. Buldogi, pagi na wengine wenye pua iliyobonyea usiwakimbize kabisa. Njia yao ya hewa ni finyu, na kwa mbwa kupumua ndiko kupoa. Hao watembeze alfajiri, inawatosha.

Mtoto wa mbwa asikimbizwe kilomita. Karibu na viungo, mifupa yake ina sehemu laini ambazo ndizo zinazokua, na kwa mbwa wengi hukomaa kati ya miezi 12 na 18. Kwa mbwa wa umbo kubwa huchelewa zaidi. Kabla ya hapo aachwe acheze uani, pale anapoweza kujilaza mwenyewe akichoka.

Kisha pitisha viganja kwenye mbavu zake. Ukizigusa kirahisi chini ya ngozi bila kubonyeza, yuko sawa. Ukilazimika kuzitafuta, ana mafuta mengi, na kazi yako ya miezi miwili ya kwanza ni kutembea naye na kupunguza ugali. Mbwa wengi wa mjini hula ugali mtupu uliochanganywa na mchuzi, wakanenepa huku misuli hakuna. Mwongezee dagaa, utumbo au nyama ya kichwa.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mwombe amsikilize moyo, amkague viungo, ampe dawa ya minyoo na aangalie kadi ya chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi 3 na kurudiwa kila mwaka, na mbwa asiyechanjwa hana ruhusa ya kutoka getini, seuze kukimbia kati ya watu. Gharama isikuzuie. Sehemu nyingi huwa na kampeni za kuchanja karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo uliza ofisi ya mifugo ya kata yako mapema. Piga picha kadi na uiweke kwenye simu. Siku mtu akikwaruzwa njiani, hiyo picha ndiyo itakayotuliza maneno.

Jike akiwa kwenye joto la kutaka dume, wiki kama 3 hivi, mbakishe nyumbani. Utakimbia na msafara wa madume nyuma yako, na madume hao watapigana.

Hatua ya 2: Chagua kamba kwa makini

Usimkimbize kwa mkanda wa shingoni peke yake. Akistuka na kuruka, uzito wote unaishia kwenye koo. Tumia ule mkanda unaozunguka kifua na kupita mgongoni, ambao maduka huuita hanesi. Uchague wenye umbo la Y kifuani, ili mabega yawe huru kwenda mbele na nyuma, na vidole viwili vyako vipite chini yake. Baada ya mbio za kwanza angalia kwapa zake; pakiwa pamekwaruzika, mkanda si saizi yake. Mkanda wa shingoni aendelee kuuvaa, lakini kazi yake iwe kubeba kibati chenye namba yako ya simu.

Kamba iwe ya mita moja na nusu, ya kitambaa kinene. Mnyororo wa chuma unaumiza mkono na unampiga mbwa mwenyewe miguuni. Zile kamba zinazojikunja ndani ya kishikio nazo ziache dukani. Kwenye barabara yenye bodaboda, mita tano za kamba nyembamba ni mtego kwako, kwake na kwa mwendesha pikipiki.

Ulaya kuna mchezo wa kukimbia ukiwa umefungwa kiunoni na mbwa anayetangulia na kukuvuta. Ulianzia kwa watu waliokuwa wakiwafanyisha mazoezi mbwa wa kuvuta sleji, kile kigari cha kuteleza juu ya theluji, nje ya majira ya theluji. Ni mchezo mzuri kwenye msitu mtulivu. Kwa barabara zetu mimi naona hatari yake ni kubwa: mbwa akikurupuka kufuata paka, mnaanguka wote mbele ya bajaji. Mkanda wa kiunoni nautumia ufukweni tu. Barabarani kamba iko mkononi, na siizungushi kifundoni.

Hatua ya 3: Kimbia kwa saa ya mbwa

Hapa ndipo mbwa wengi wa Pwani wanapoumizwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wewe unatoka jasho mwili mzima. Mbwa hutoka jasho dogo sana, kwenye nyayo, na kazi yote iliyobaki inafanywa na ulimi na mapafu: anatweta, maji yanakauka kwenye ulimi na njia ya hewa, damu inapoa. Njia hiyo inategemea hewa kavu. Hewa ikiwa imejaa unyevu kama ya Dar es Salaam, maji hayakauki haraka, na kutweta kunakuwa kazi ya misuli inayoongeza joto badala ya kulipunguza. Ndiyo maana nyuzi 28 za Pwani humchosha mbwa kuliko nyuzi 28 za Dodoma.

Kwa hiyo toka alfajiri, saa 11:30 au saa 12:00, na uwe umerudi kabla jua halijapanda juu ya paa za nyumba. Jioni si nzuri kama watu wanavyodhani. Lami inayopigwa na jua mchana kutwa bado inarudisha joto saa 12:30 jioni, na mwili wa mbwa uko karibu nayo kuliko wako. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami na uhesabu mpaka 7. Ukishindwa kuuacha hapo, nyayo zake zitaungua.

Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, ndicho kibaya. Miezi hiyo sisi hukimbia dakika 20 tu, na kuna siku tunatembea. Masika ikiingia hewa inapoa, lakini kuna madimbwi. Usimwache anywe humo, maana mikojo ya panya inayochanganyika na maji hayo huleta ugonjwa wa leptospirosi, unaowapata mbwa na watu. Kusi ikishika, Juni mpaka Agosti, ndiyo miezi ya kukimbia. Kama unafikiria kuanza, anza wakati huo, ili joto likirudi mwili wake uwe umekomaa.

Maji: mpe kidogo kabla ya kutoka, kisha mafunda machache kila dakika 15. Mimi hubeba chupa ya lita moja na kibakuli laini cha plastiki kinachokunjika mfukoni. Asinywe bakuli zima kwa pupa.

Chakula kinafuata utaratibu huo huo. Asikimbie akiwa ameshiba, na asile mara tu anapofika. Mbwa mwenye kifua kirefu, hasa jemani shepadi, anaweza kupata tatizo la tumbo kujaa gesi na kujipindua, na hilo huua kwa saa chache. Mwewe hula jioni, anakimbia alfajiri tumbo likiwa tupu, na hupewa chakula chepesi saa moja baada ya kurudi, pumzi ikiwa imetulia.

Joto likimzidi

Mwaka wetu wa kwanza, mwezi Februari, nilichelewa kuamka. Tulitoka saa 1:30 asubuhi na nikaona kwa kuwa hakuna jua kali, haina neno. Kulikuwa na mawingu na hewa imesimama. Kwenye kilomita ya nne Mwewe alianza kubaki nyuma. Nikavuta kamba. Akaja. Akabaki tena, nikavuta tena. Kisha akaingia chini ya mwarobaini, akajilaza kwa ubavu na kukataa kuinuka.

Nilipoinama kumtazama, ulimi ulikuwa umetanuka nchani kama mwiko, fizi nyekundu iliyoiva, mate mazito yananing'inia. Alijaribu kusimama kwa sababu nilimwita, miguu ya nyuma ikapepesuka. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua ng'ambo ya barabara alivuka na ndoo yake.

"Mmwagie, baba. Mmwagie yote, maji nitachota mengine."

Nikammwagia tumboni, kwapani, kwenye manena na kwenye nyayo. Yule mama akachukua kipepeo chake cha kuwashia mkaa akaanza kumpepea, bila kuambiwa na mtu. Baadaye daktari alinieleza kwamba alichofanya ndicho hasa kinachotakiwa: maji mwilini na upepo juu yake, papo hapo, kabla ya kufikiria usafiri. Tulipofika kwa daktari na bajaji, joto lilikuwa bado nyuzi 40.6. Mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39.2, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika.

Basi kama likikukuta, fanya hivi. Simama, mtoe juani. Mmwagie maji mengi ya kawaida au ya baridi, hasa sehemu zenye ngozi nyembamba, na umpepee bila kuacha. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, kwani linapashwa na mwili wake na kugeuka blanketi. Mpe maji anywe kama anataka mwenyewe. Usimlazimishe kwa kumfungua kinywa. Mpeleke kwa daktari hata akiinuka na kutikisa mkia, maana figo na damu zinaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Na dalili zinazotangulia zipo. Mwewe alizitoa zote, mimi ndiye sikuziona: kubaki nyuma, kutafuta kivuli, ulimi unaopanuka ncha, kichwa kinachoshuka chini ya usawa wa mgongo. Ukiona mojawapo, mbio za siku hiyo zimekwisha. Rudini mkitembea. Usivute kamba.

Hatua ya 4: Wiki nane za mwanzo

Hata kama wewe tayari unakimbia kilomita 10, yeye anaanza sifuri. Nyayo zake zinahitaji wiki kadhaa kuwa ngumu, na mishipa ya miguu hukomaa polepole kuliko moyo.

Wiki 2 za kwanza tembea naye haraka, dakika 25, siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Lengo ni kumfundisha kukaa ubavuni na kamba ikiwa imelegea. Wiki ya 3 na ya 4, kimbia dakika 1 na utembee dakika 2, mara 7 hivi. Wiki ya 5 na ya 6, kimbia dakika 3, tembea 1. Wiki ya 7 unaweza kwenda dakika 15 bila kusimama, na ya 8 dakika 20. Kutoka hapo ongeza kidogo kidogo mpaka kilomita 5. Kwa joto letu, kilomita 5 mara 3 kwa wiki zinamtosha mbwa wa kawaida. Siku zako ndefu nenda peke yako. Atakulilia getini, lakini mwache.

Mfundishe maneno manne kabla hujaongeza mwendo: "twende", "simama", "acha" na "polepole". Mimi hutumia Kiswahili kwa sababu dada wa kazi na watoto wa jirani nao humtoa, na wote lazima watumie maneno yale yale. "Acha" ndilo litakalomwokoa. Lifundishe kwa kipande cha dagaa kwenye kiganja kilichofumba: akiacha kukinusa, anapewa kingine kutoka mkono wa pili. Siku atakapokutana na mfupa wa kuku, au kitu kilichopakwa sumu ya panya jalalani, utashukuru.

Anza kila mbio kwa dakika 5 za kutembea. Zinampa pia nafasi ya kujisaidia.

Hapo kuna jambo la kusema wazi: kinyesi chake kiokote. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, kwa hiyo beba kurasa za gazeti kuukuu na mfuko wa karatasi ya kaki. Minyoo ya safura ya mbwa hutaga mayai yanayotoka na kinyesi, viluwiluwi vyake hukaa mchangani na kupenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku, vikaacha mistari inayowasha kama moto. Watoto wanaocheza mpira ufukweni hawana viatu. Mpe mbwa wako dawa ya minyoo kila miezi 3, na bado uokote.

Hatua ya 5: Barabarani

Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo kimbia upande wa kulia, uso kwa uso na magari yanayokuja, na mbwa awe mkono wako wa kulia, upande wa mtaro. Hivyo wewe uko kati yake na magari. Wakufunzi wengi huwazoesha mbwa kukaa kushoto, mzoeshe upya.

Bodaboda ndio wa kuwaogopa zaidi, maana hawana upande. Watakuja nyuma yako juu ya njia ya miguu. Usivae visikizi masikioni, hata kimoja. Alfajiri bado kuna giza, hivyo vaa reflekta kama wanazovaa bodaboda wenyewe, na umshonee mbwa kipande cha kitambaa hicho kwenye mkanda wake. Kwenye makutano simama kabisa, mwambie akae, ndipo mvuke. Tena fanya hivyo hata kama barabara ni tupu, ili akili yake ijue kwamba ukingo wa lami maana yake ni kusimama.

Saa 12:00 asubuhi mageti hufunguliwa magari yatoke, na mbwa wa ndani hutoka nayo. Nyumba zenye maandishi ya "Mbwa Mkali" ukutani nimeshazikariri kwenye njia yetu, na nazipita nikiwa upande wa pili wa barabara. Kawasalimie walinzi wa mtaa wako na uwajue kwa majina. Mlinzi anayekufahamu hufunga geti akikuona unakuja.

Watu wa njiani

Mji wetu ni wa watu wengi wanaoogopa mbwa, na wana haki ya kuogopa. Wengi wamewahi kung'atwa, au wamemwona ndugu aking'atwa. Wengine ni Waislamu, na wengi wao Pwani hii hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo kwayo mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu anayekwenda kuswali akiguswa na pua yenye unyevu ya mbwa wako, umemharibia ibada yake.

Nilijifunza hili mwezi wa kwanza tu. Tulikuwa tunapita uchochoro ulio karibu na msikiti, giza bado halijatoweka. Mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe akasimama ghafla na kujibana ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mshike mbwa wako, mwanangu. Mie nimeshatawadha."

Hakusema kwa hasira. Niliona mkono wake umekusanya kanzu mpaka juu ya magoti, na nikaona ninavyomtaabisha mtu wa umri wa babu yangu kwa ajili ya mazoezi yangu. Kuanzia siku hiyo tulihamisha njia. Tunatoka baada ya watu kutawanyika kutoka msikitini, na uchochoro ule hatuupiti. Yule mzee sasa hunisalimia kutoka barazani kwake na huulizia hali ya mbwa.

Ukimpita mtu, punguza mwendo, fupisha kamba, hamia ng'ambo kama kuna nafasi, na useme kitu: "Habari za asubuhi, nimemshika." Sauti yako inampa mtu utulivu. Wanafunzi wanaokwenda shule usikimbie katikati yao kabisa. Mmoja akipiga kelele na kukimbia, mbwa yeyote atataka kumfuata, na wenzake wataokota mawe. Simama pembeni, mkalishe, wapite wote.

Mtu akikwaruzwa au kung'atwa, usibishane. Sehemu ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na uonyeshe kadi ya chanjo. Ni vivyo hivyo ukiumwa wewe na mbwa usiyemjua. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, ila sindano zinazotolewa mapema hukizuia. Usingoje kuona kama yule mbwa ataumwa.

Mbwa wasio na mtu

Ukikutana na kundi la mbwa koko, acha kukimbia. Kukimbia kunawaita. Simama, weka mbwa wako nyuma ya mguu wako, kamba fupi lakini isimkabe, maana kamba iliyokaza humwambia kwamba kuna vita. Usiwakazie macho. Wakisogea, inama kama unaokota jiwe. Mbwa wa mitaani wa nchi zetu wote wanaijua ishara hiyo, na mara nyingi wanarudi nyuma kabla hujagusa chochote. Ondokeni mkitembea, ubavu ukiwa umewaelekea. Mimi hubeba fimbo fupi ya mpera, na kwa miaka yote hii haijampiga mbwa yeyote, kuinyoosha kumetosha.

Mbwa wako aking'atwa, osha jeraha vivyo hivyo na umpeleke kwa daktari, hata kama ana chanjo. Atataka kumwongezea nyingine.

Ufukweni

Mchanga mgumu ulioachwa na maji ni njia bora kuliko zote: laini kwa viungo, baridi kwa nyayo. Ila ujue saa za maji. Siku za bamvua, yaani za mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari inapojaa na kupwa sana, alfajiri huku kwetu maji huwa bado yamejaa na kinachobaki ni mchanga mlaini wa juu, unaochosha misuli ya nyuma ya paja. Siku hizo mkimbie nusu ya kawaida. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, maji yakiwa yamekupwa alfajiri, ndipo pazuri.

Asinywe maji ya bahari. Yatamharisha na kumkausha zaidi. Angalia chupa zilizovunjika, ndoana na mishipi karibu na madau. Na mwangalie sana samaki bunju, yule anayejivimbisha, ambaye mawimbi humtupa pwani au wavuvi humtoa kwenye nyavu na kumwacha hapo. Sumu yake inapooza misuli mpaka ya kupumulia, na mbwa haoni tofauti kati yake na samaki mwingine. Hapa ndipo lile neno "acha" linapofanya kazi.

Hatua ya 6: Mkifika nyumbani

Tembeeni dakika 10 za mwisho. Kisha mkalishe kivulini na umkague, kila siku, kwa mpangilio ule ule ili usisahau. Mimi huanzia miguuni: natanua kila kidole, natafuta mbigili, vipande vya kioo, ngozi iliyochanika. Akitoka ufukweni namsuuza kwa maji matamu. Halafu masikio, kwapa na manena, ambako kupe hujificha. Kupe mng'oe kwa kibanio, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa. Yanaunguza ngozi na mbwa akiyalamba yanamdhuru. Muulize daktari dawa ya kinga inayofaa, kwa sababu homa ya kupe ndiyo inayowaangusha mbwa wengi wanaokimbia kwenye majani. Mwisho, bonyeza ufizi wake kwa kidole: unakuwa mweupe, na rangi inarudi ndani ya sekunde 2. Fizi zikiwa zimepauka, au mkojo ukiwa mweusi, au damu ikimtoka puani, hiyo ni safari ya kwa daktari.

Akichechemea usimpe dawa zako. Paracetamol, ibuprofen na diclofenac, ambazo ziko karibu kila nyumba, zinaweza kumwua mbwa kwa dozi unayoiona ndogo. Mpumzishe, na asipokuwa sawa baada ya siku 2 mpeleke aangaliwe.

Asubuhi ya pili mwite kutoka pale anapolala, umtazame anavyoinuka. Akijinyoosha mbele, kisha nyuma, na kuja mbio, yuko tayari. Akiinuka kwa vipande, mguu mmoja mmoja, au akasimama kwanza kabla ya kuja, rudisha kamba msumarini na umpe siku nyingine ya kulala.